Kupima Kloridi katika Maji ya Kisima kwa Titresheni

Wakazi wengi wa Kigamboni, Mbezi Beach na sehemu nyingine za Dar es Salaam zilizo karibu na bahari hutumia maji ya visima, na wengi huyaita maji ya chumvi bila kujua chumvi hiyo ni kiasi gani. Ulimi hautoi jibu la kutegemewa, kwa kuwa watu wengi huanza kuihisi ladha pale tu kloridi, ambayo ni sehemu kuu ya chumvi hiyo, inapozidi takriban miligramu 250 kwa lita. Njia ya Mohr, iliyotangazwa na mkemia Mjerumani Karl Friedrich Mohr mwaka 1856, ni aina ya titresheni, yaani kupima kwa kudondosha mmumunyo wenye ukolezi unaojulikana hadi rangi ibadilike. Inahitaji bureti (mrija wenye alama na koki wa kudondoshea), pipeti (mrija wa kuchukulia ujazo kamili), mizani nzuri na jicho makini, hivyo inafaa hata kwa maabara ndogo.

Msingi wake ni kwamba nitrati ya fedha (chumvi ya metali ya fedha) inapodondoshwa katika maji yenye kloridi na kromati kidogo (kemikali ya njano inayoonyesha mwisho), fedha huungana kwanza na kloridi na kufanya mashapo meupe; kloridi ikikaribia kwisha, fedha inayozidi huungana na kromati, na rangi ya wekundu wa tofali hujitokeza.

Sampuli ichukuliwe kwenye bomba la pampu, baada ya pampu kufanya kazi kwa dakika kadhaa, wala isichotwe kwenye simtanki ambamo maji ya kisima yamechanganyika na ya mvua au ya boza. Chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale kabla ya kujazwa.

Kausha kloridi ya sodiamu kwenye oveni yenye nyuzi 140 za Selsiasi, kisha iache ipoe ndani ya chombo kilichofunikwa chenye silika jeli inayofyonza unyevu, kwani unyevu wa hewa ya pwani huongeza uzito wa chumvi iliyoachwa wazi. Pima gramu 0.824 na uziyeyushe katika maji yaliyokenekwa hadi lita moja. Huo ni mmumunyo wa moli 0.0141 kwa lita (moli ni kipimo cha wanakemia cha kiasi cha dutu). Kwa nitrati ya fedha, yeyusha gramu 2.395 hadi lita moja na uuhifadhi mmumunyo katika chupa ya kahawia, kwa sababu mwanga huuharibu. Ukolezi wake halisi usikisiwe kutokana na uzito peke yake, bali uhakikiwe kwa kuutitresha dhidi ya ule mmumunyo wa chumvi.

Pima pH ya sampuli, yaani kiwango cha uasidi au ubesi wake. Ikiwa chini ya 7, kromati hugeuka kuwa dikromati na mwisho wa titresheni huchelewa. Ikizidi 10, fedha hujitenga kama oksidi. Maji yanayonuka yai viza yana salfaidi, nayo huondolewa kwa mililita moja ya peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 30 na kukoroga kwa dakika moja.

Chukua mililita 25 za sampuli kwa pipeti, ongeza maji yaliyokenekwa hadi mililita 100, kisha tia mililita moja ya mmumunyo wa kromati ya potasiamu wa asilimia 5. Vaa glavu, kwa kuwa kromati ni sumu na fedha huacha madoa meusi kwenye ngozi. Dondosha nitrati ya fedha huku ukitikisa flaski mfululizo. Wekundu utatokea pale tone linapoangukia na kupotea. Ukianza kukawia kupotea, dondosha tone moja moja.

Hapa ndipo matokeo mengi huharibika. Mwisho si wekundu kamili, bali ni ile dalili ya kwanza ya njano kugeuka kuwa njano yenye uwekundu hafifu usiopotea baada ya kutikisa. Anayengoja rangi ikolee amekwisha kupita. Weka karatasi nyeupe chini ya flaski, na pembeni weka flaski nyingine ya sampuli hiyohiyo ambayo haijafika mwisho, ili jicho lipate cha kulinganisha. Kisha titresha maji yaliyokenekwa peke yake pamoja na kromati, ukiongeza unga kidogo wa kabonati ya kalsiamu usio na kloridi ili weupe ufanane na wa mashapo. Kipimo hicho tupu, ambacho mara nyingi huwa mililita 0.2 hadi 0.3, ndicho kinachoondoa kosa la jicho lako mwenyewe, na kukiruka ni uzembe.

Tuseme vipimo vitatu vimetoa mililita 19.85, 19.80 na 19.85, na kipimo tupu ni 0.25. Wastani ni 19.83, ukitoa kipimo tupu unabaki na 19.58. Zidisha kwa ukolezi wa 0.0141, kisha kwa 35,450 (miligramu za moli moja ya kloridi), halafu gawanya kwa mililita 25 za sampuli: unapata takriban miligramu 391 za kloridi kwa lita. Bromidi na iodidi nazo huhesabiwa humo, lakini katika maji ya kawaida ya kisima kiasi chake ni kidogo mno kubadili jibu.

Masalia yote, mashapo pamoja na majimaji ya njano, yakusanywe katika chombo chenye lebo kwa ajili ya uteketezaji wa taka za kemikali, wala yasimwagwe kwenye sinki.