Jinsi ya kuutembelea mti mkongwe kuliko yote Paris, na nini cha kutazama ukishafika

Watu wetu wengi wakija Paris wanakimbilia kanisa kuu la Notre-Dame, wanapiga picha, wanapanga foleni, wanaondoka, na ng'ambo tu ya mto, mwendo wa dakika mbili tatu, kuna mti uliopandwa mwaka 1601 na hakuna aliyewaambia. Mimi nakaa huku na kila mgeni wangu lazima nimfikishe pale, kwa hiyo naandika hapa namna ya kwenda, maana naumia nikiona mtu kasafiri kutoka nyumbani mpaka huku halafu kaupita kama nguzo ya umeme.

Bustani yenyewe ni ndogo, inaitwa Square René Viviani. Panda metro namba 4 ushuke Saint-Michel, au treni ya mjini ya RER, B au C, ushuke Saint-Michel Notre-Dame, ukitoka nje tembea mto ukiwa kushoto kwako, utalipita duka la vitabu la Shakespeare and Company, mbele kidogo mkono wa kulia ndiyo bustani. Kiingilio hakuna. Usiku geti linafungwa, nenda mchana.

Kama mwezi wa safari unauchagua mwenyewe, njoo Mei. Mti huu unachelewa sana kuchipua, ukija mwanzo wa Aprili unaweza kuukuta mtupu wakati mingine jirani imeshavaa majani na ukadhani umekufa, haujafa, ndio tabia yake. Mei sasa maua yanatoka, meupe, yananing'inia vichala vichala, harufu yake tamu unaipata kabla hujaufikia, na nyuki juu huko wanavuma. Halafu jua kitu kimoja, ile asali ya Ufaransa inayouzwa madukani kwa jina la asali ya akasia inatokana na maua ya mti wa aina hii hii.

Ukifika usianze na simu. Zunguka kwanza. Utaona shina limelala upande, limeegemea nguzo za zege, na watu wengi hapo ndipo wanapovunjika moyo wakisema kumbe mti wenyewe mgonjwa. Hapana jamani. Sehemu iliyo hai ya shina la mti ni ile iliyo chini tu ya gome, katikati ni mbao iliyokwisha kufa inayobeba uzito, ndiyo maana mti unaweza kuwa na uwazi tumboni na bado ukatoa majani kila mwaka. Nguzo zinabeba uzito tu, kuishi unaishi wenyewe. Sogea utazame gome, lina mifereji mirefu imepishana kama kamba nene zilizosokotwa, kisha panda na macho taratibu mpaka juu kwenye matawi machanga. Una urefu wa kama mita 15 hivi, na inasimuliwa kwamba kilele chake kilivunjwa na kombora kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Ukikuta uzio usiuruke, mizizi inayolisha mti iko juu juu na udongo ukikanyagwa sana hewa haipiti.

Baada ya hapo inama utafute jani lililoanguka. Mama yangu alipokuja kutoka Tanga alifanya hivyo bila kuambiwa, akaliokota, akaliweka kiganjani, akasema, "Mwanangu, mbona kama mgunga huu?" Nikamwambia mama umepatia karibu kabisa, maana jina lake la kisayansi ni Robinia pseudoacacia, na hilo la pili maana yake mgunga wa uongo! Akacheka sana. Tofauti unaiona mwenyewe: jani la mgunga wetu ni vijani vidogo vidogo kama unyoya, la huu kila kijani ni cha duara, kikubwa kama ncha ya kidole gumba, vimepangwa huku na huku na kimoja kimebaki peke yake nchani. Miiba unao, na maganda yake yanafanana na ya kunde kwa sababu ni ukoo mmoja, ila kama una watoto waambie wasitie mbegu wala gome mdomoni, zina sumu.

Hilo jina la Robinia limetokana na Jean Robin, mtunza bustani wa wafalme wa Ufaransa, yeye ndiye anayetajwa kuupanda. Asili ya mti ni mashariki ya Marekani, kwa hiyo na wenyewe ni mgeni aliyevuka bahari akafika hapa, na mimi nikikaa pale kwenye benchi jioni baada ya kazi hilo ndilo huwa nalifikiria zaidi kuliko hata umri wake. Kaa na wewe japo nusu saa. Ukitaka picha nzuri simama upande ambao Notre-Dame inaonekana nyuma ya matawi, asubuhi watu wakiwa bado wachache.

Kama miguu bado ina nguvu, endelea kufuata mto uelekeo ule ule, kama dakika 20 kwa mguu, mpaka Jardin des Plantes, bustani ya mimea iliyoanzishwa kama bustani ya dawa ya mfalme. Humo kuna mwingine wa aina hiyo hiyo, uliopandwa mwaka 1636 na Vespasien Robin, mtoto wa Jean. Anza na wa baba ndio uende kwa wa mtoto, na lile jani lako tembea nalo mkononi ukalilinganishe kule.