Cheti cha kitaalamu cha programu: namna ya kukichagua, kukisomea na kukitumia kazini

Kila anayeniuliza kuhusu vyeti vya kitaalamu vya programu huanza kwa kutaka kujua kipi kina soko, nami humrudishia swali jingine: kazi unayoifanya leo ni ipi, na ile unayoitaka mwakani ni ipi? Vyeti hivi si kama shahada, ambayo humfuata mtu popote aendako. Vimefungwa kwenye zana au fani mahususi: vya Oracle hupima Java na hifadhidata za kampuni hiyo, CCNA ya Cisco hupima mitandao, RHCSA ya Red Hat hupima uendeshaji wa mfumo endeshi wa Linux, na kile cha msingi cha ISTQB hupima ujuzi wa kuzijaribu programu kabla hazijafika kwa mtumiaji. Aliyesomea zana ambayo ofisi anayoiwinda haiitumii ataingia kwenye usaili na majibu ya maswali ambayo hakuna atakayemuuliza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanywa kabla ya kufungua somo lolote. Kusanya matangazo ishirini ya nafasi unayoitaka, kutoka LinkedIn, kutoka Ajira Portal ikiwa unalenga utumishi wa umma Tanzania, na kutoka kurasa za ajira za benki, kampuni za simu na mashirika yaliyo karibu nawe. Andika kwenye jedwali zana iliyotajwa, cheti kilichotajwa, na kama cheti hicho ni sharti au ni sifa ya ziada tu. Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu hupendelea yale unayoyapenda tayari. Zana inayojirudia katika matangazo kumi na mawili kati ya ishirini ndiyo yako, hata kama mitandaoni watu wanashangilia nyingine. Ukiona kwamba matangazo karibu yote yanadai shahada kwanza, usijidanganye kwamba cheti kitaziba pengo hilo. Humo cheti hukutofautisha na wenye shahada wenzako, basi.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: AWS Certified Solutions Architect – Associate, mtihani wenye namba SAA-C03, unaopima uwezo wa kupanga mifumo inayoendeshwa kwenye AWS, yaani huduma za wingu za Amazon: seva na hifadhi unazokodi kupitia intaneti. Una maswali 65 ya kuchagua majibu, hufanywa kwa dakika 130, na alama ya kufaulu ni 720 kati ya 1,000. Maswali 15 kati ya hayo hayahesabiwi, kwani yamewekwa ili yajaribiwe yenyewe, ila mtahiniwa haambiwi ni yapi. Ada ni dola 150 kabla ya kodi, yaani karibu shilingi elfu ishirini za Kenya au laki tatu na ushee za Tanzania, fedha ambazo kwa wengi wetu si za kuchezea.

Chini yake kuna cheti cha kuanzia, Cloud Practitioner, chenye ada ya dola 100, dakika 90 na alama ya kufaulu 700. Watu hubishana sana kama mtu apitie huko au aruke. Mimi huwaomba wapige hesabu kwanza. Anayefaulu mtihani mmoja wa AWS hupewa punguzo la nusu ya ada kwa mtihani unaofuata, kwa hiyo anayepitia chini hulipa 100 kisha 75, jumla 175, ambayo ni dola 25 tu zaidi ya anayekwenda moja kwa moja. Anayekwenda moja kwa moja akaanguka husubiri siku 14 na kulipa 150 nyingine. Aliyeishi na seva kwa mwaka au zaidi, aende moja kwa moja. Aliyekuwa mhasibu au mwalimu na sasa anahamia fani hii, alipe hizo 25 za ziada, maana pamoja na masomo atakuwa ameuzoea utaratibu wa mtihani wenyewe. Ila asiishie hapo, kwa kuwa cheti cha kuanzia peke yake kinathibitisha kwamba unaijua lugha ya fani, hakithibitishi kwamba unaweza kujenga kitu.

Kusoma kwa mikono

Waraka wa kwanza kusomwa ni mwongozo rasmi wa mtihani, unaopatikana bure kwenye tovuti ya AWS, na inashangaza ni wangapi hawaufungui. Umegawanya SAA-C03 katika sehemu nne: kupanga mifumo salama asilimia 30, mifumo inayostahimili hitilafu 26, mifumo yenye kasi 24, na mifumo isiyogharimu kupita kiasi 20. Gawa muda wako vivyo hivyo. Kosa ninaloliona kila mara ni la mtu kutumia wiki tano akizichunguza seva, kwa sababu ndizo zinazofurahisha, halafu usalama, ambao ndio sehemu kubwa kuliko zote, akausoma juu juu siku tatu za mwisho.

Mafunzo ya bure yapo ya kutosha. AWS ina Skill Builder, Microsoft ina Microsoft Learn, na Cisco ina Networking Academy pamoja na Packet Tracer, programu inayokuwezesha kujenga mtandao mzima ndani ya kompyuta bila kununua kifaa hata kimoja. Mtu mwenye kazi ya kutwa, anayesoma saa moja na nusu kila jioni na kuongeza saa chache Jumamosi, ajipe wiki kumi hadi kumi na mbili. Video zisichukue zaidi ya theluthi ya muda huo. Muda uliobaki ni wa kujenga.

Fungua akaunti yako ya AWS, na kabla ya kugusa chochote fanya mambo mawili: washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti kuu, na uweke tahadhari ya bajeti itakayokutumia barua pepe matumizi yakifika dola tano. Jambo la pili si la hiari. Kifaa kinachoitwa NAT Gateway, kinachoziwezesha seva za mtandao wa ndani kufika intaneti, na ambacho utakikuta katika mazoezi mengi ya mitandao, hutozwa katika ukanda wa Virginia Kaskazini dola 0.045 kwa saa hata kama hakipitishi chochote; ukikisahau mwezi mzima, umelipia zaidi ya dola 32 kwa kitu ambacho hukukitumia. Jizoeze kubomoa ulichojenga kila usiku kabla ya kulala, kama unavyozima jiko.

Cha kujenga kisiwe kikubwa. Chukua tovuti ndogo ya kupokea oda za duka la dawa la mtaani. Picha ziweke S3, hifadhi ya faili ya AWS. Programu iendeshwe na seva mbili zilizo katika maeneo mawili tofauti ya ukanda mmoja, mbele yake kukiwa na kigawanya mzigo, kinachogawa maombi ya wateja kati ya seva hizo. Hifadhidata iwe katika mtandao wa ndani usiofikiwa kutoka nje. Ikishafanya kazi, zima seva moja makusudi huku ukiifungua tovuti kwenye simu. Ikiendelea kufunguka, umeielewa ile sehemu ya kustahimili hitilafu, yenye asilimia 26, kuliko aliyesoma kurasa mia. Ikikwama, basi umepata somo lako la wiki ijayo.

Maswali ya mtihani huo hayaulizi maana ya maneno. Huleta kisa, na jibu sahihi hutegemea neno moja au mawili. Hebu tazama hiki nilichokitunga kwa mtindo wao: hospitali inahifadhi picha za eksirei; baada ya miezi mitatu picha hufunguliwa mara chache sana, lakini daktari akiihitaji lazima ionekane papo hapo; ni hifadhi ipi itakidhi haja hiyo kwa gharama ndogo kuliko zote? Majibu ni S3 Standard, Glacier Instant Retrieval, Glacier Flexible Retrieval na Glacier Deep Archive. Mwenye haraka huona “gharama ndogo” na kukimbilia Deep Archive, ambayo kweli ndiyo ya bei ya chini, ila kuitoa picha humo kwa njia ya kawaida huweza kuchukua hadi saa 12, na mgonjwa yuko kitandani. Flexible nayo huchukua dakika hadi saa kadhaa. Standard huitoa papo hapo lakini unalipia hifadhi ya gharama kwa picha isiyofunguliwa. Inabaki Instant Retrieval. Jizoeze kulisoma kila swali hivyo, ukitafuta kwanza sharti lisilovunjika, hapa “papo hapo”, kisha ndipo uangalie bei miongoni mwa yale yaliyobaki.

Jambo la madesa ya mtihani nalisema waziwazi. Kuna tovuti zinazouza maswali yaliyoibwa, na vijana husambaziana kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba ni maswali ya marudio ya kidato cha nne. Kabla ya mtihani utakubali masharti ya kutunza siri, na anayebainika kukiuka huweza kufutiwa cheti na kufungiwa. Hata asipobainika, usaili utamuumbua. Nimewahi kuketi kwenye jopo lililomwomba mtu mwenye vyeti vinne achore ubaoni njia ya ombi kutoka simu ya mteja hadi kwenye hifadhidata. Aliiweka hifadhidata wazi kwenye intaneti, na alipoulizwa sababu alisema ndivyo inavyokuwa.

Kujiandikisha

Hapa ndipo watu hodari hupoteza fedha. Mitihani ya AWS huendeshwa na Pearson VUE, kampuni ya kusimamia mitihani, na jina la kwanza na la mwisho kwenye akaunti yako lazima yafanane na yaliyo kwenye kitambulisho utakachoonyesha. Mwenzangu mmoja wa ofisini alifungua akaunti kwa jina la baba alilolitumia chuoni, akaenda na kitambulisho chenye jina la mume. Alirudishwa mlangoni na ada ikaenda hivyo hivyo. Kagua jina wiki mbili kabla, na usome barua pepe ya uthibitisho uone unatakiwa kubeba vitambulisho vingapi.

Mtihani hautolewi kwa Kiswahili. Anayeufanya kwa Kiingereza, na Kiingereza si lugha yake ya kwanza, ana haki ya kuomba dakika 30 za ziada, ambazo kwa SAA-C03 zinafanya jumla kuwa 160. Ombi hilo hutumwa kwenye akaunti yako ya vyeti kabla ya kuchagua tarehe, si baada yake. Usione haya kuliomba. ISTQB nayo huongeza robo ya muda, kutoka dakika 60 hadi 75, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa malipo, asiye na kadi ya benki inayokubali malipo ya nje atumie kadi ya mtandaoni. Kenya ipo M-Pesa GlobalPay ya Visa tangu 2022. Hakikisha kikomo cha kadi kinatosha ada pamoja na kodi.

Utachagua kufanyia kituoni au nyumbani. Nyumbani kunavutia mpaka umeme ukatike. Isitoshe, msimamizi anayekutazama kwa kamera hataki mtu mwingine chumbani, hataki simu karibu, wala hataki usome swali kwa sauti, jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila kujijua. Kama unaishi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ambako vituo vipo, nenda kituoni. Aliye mbali na akalazimika kufanyia nyumbani awe na kompyuta yenye betri nzima, na asitegemee bando la simu ambayo watu watampigia katikati ya mtihani.

Siku yenyewe, jibu kila swali. AWS haikati alama kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo nafasi tupu ni hasara ya bure. Swali linalokushika zaidi ya dakika tatu liwekee alama, chagua jibu linaloelekea kufaa, na uendelee. Matokeo hufika ndani ya siku tano za kazi.

Baada ya kufaulu

Cheti hakipandishi mshahara chenyewe. Kwa aliye kazini tayari, wakati mzuri wa kuongea na bosi ni kabla ya kuanza kusoma: mwandikie barua fupi ukieleza cheti, ada, na kazi moja ya ofisi utakayoifanya nacho, kwa mfano kuhamisha nakala rudufu kutoka kwenye seva iliyo chini ya meza ya mhasibu. Omba kurudishiwa ada ukifaulu. Wengi hukubali sharti hilo kwa urahisi zaidi kuliko kulipa mapema. Ikiwa watalipa kwa masharti ya kubaki kazini, soma miezi mingapi, na utalipa nini ukiondoka kabla.

Kwenye wasifu, andika jina kamili la cheti, mwezi na mwaka wa kukipata, na kiungo cha beji ya kidijitali ya Credly, tovuti inayohifadhi beji za vyeti, ili mwajiri ajihakikishie mwenyewe. Chini yake weka mistari miwili kuhusu ile tovuti ya duka la dawa: ulichojenga, ulichokivunja, na ilikugharimu kiasi gani kwa mwezi. Nimeona wasaili wakiruka mstari wa cheti na kutumia dakika ishirini kwenye mistari hiyo miwili.

Cheti hiki hudumu miaka mitatu. Vile vya Microsoft vya ngazi ya kazi hudumu mwaka mmoja tu, ila huhuishwa bure mtandaoni, na vya msingi vya Microsoft, sawa na kile cha msingi cha ISTQB, havina tarehe ya mwisho. Kwa AWS, ukifaulu Solutions Architect – Professional, cheti cha ngazi ya juu yake, kabla ya Associate kuisha, Associate huhuishwa papo hapo pamoja nacho, kwa hiyo weka ukumbusho kwenye simu miezi minane kabla ya tarehe hiyo, wakati bado una nafasi ya kuchagua kupanda badala ya kurudia.