Kupima kloridi kwa elektrodi: istilahi na hatua zake

Ukichimba kisima karibu na Uvinza, mkoani Kigoma, penye chemchemi za chumvi kando ya mto Ruchugi, swali la kwanza ni kiasi cha kloridi, sehemu ya chumvi, kilichomo. Elektrodi, yaani kijiti cha kupimia kinachochovywa majini, inaweza kukujibu, ila ni lazima ujue inachokupa: si miligramu, ni milivolti. Miligramu unazipata wewe kwa hesabu, na istilahi zote za kazi hii zimo katika njia hiyo ya kutoka moja kwenda nyingine.

Hatua ya 1: Andaa elektrodi mbili. Ya kwanza ni elektrodi teule, ambayo utando wake, wenye kloridi ya fedha, huitikia ioni (chembe zenye chaji) za kloridi. Ya pili ni elektrodi rejea, ambayo volteji yake haibadiliki. Mita husoma tofauti kati yao. Zingatia sana hii ya pili: nyingi hujazwa kloridi ya potasiamu, nayo huvuja kidogo kidogo hadi kwenye maji unayopima. Kwa kloridi tumia elektrodi rejea yenye vyumba viwili, cha nje kikiwa na nitrati ya potasiamu.

Hatua ya 2: Sawazisha nguvu ya ioni. Elektrodi haihesabu ioni zote zilizoyeyuka; huhisi zile zilizo huru kutenda, na kiasi hicho huitwa uamilifu. Maji yakijaa chumvi, ioni huvutana na uamilifu hushuka chini ya mkolezo, yaani kiasi chote kilichoyeyuka katika lita moja. Ndiyo maana kila mililita 100, ziwe za myeyusho sanifu (wenye kiasi cha kloridi kinachojulikana) au za kisima, huongezwa mililita 2 za nitrati ya sodiamu ya molari 5 (moli 5 kwa lita), ili nguvu ya ioni, yaani wingi wa chaji majini, ilingane kote. Ukiruka hatua hii, maji ya mvua na maji ya Uvinza hayalinganishiki hata kidogo.

Hatua ya 3: Tafuta mteremko. Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo. Mkemia Mjerumani Walther Nernst alionyesha mwaka 1889 kwamba volteji hufuata logi ya uamilifu. Kwa ioni yenye chaji moja, katika nyuzi 25, mkolezo ukizidi mara 10 volteji hubadilika kwa milivolti 59.2, na badiliko hilo ndilo mteremko; ioni yenye chaji mbili, kama kalisi, hutoa nusu yake. Kloridi ina chaji hasi, kwa hiyo ikiongezeka milivolti hushuka.

Pima myeyusho sanifu wa miligramu 35.5 kwa lita, kisha wa 355. Tuseme umesoma 180 na 123. Mteremko ni 57, yaani asilimia 96 ya ule wa nadharia, na huo ni mzuri. Ukipata 45, acha. Safisha utando kwanza, uanze upya.

Hatua ya 4: Pima kisima. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, kausha kwa kugusisha karatasi laini bila kusugua, koroga polepole, subiri namba itulie. Umesoma 145? Toa kwenye 180, unapata 35; gawanya kwa 57, unapata 0.614, 10 kwa kipeo hicho ni 4.11, zidisha kwa 35.5. Jibu ni takriban miligramu 146 kwa lita. Kosa la milivolti moja tu hubadilisha jibu kwa asilimia 4 hivi, kwa hiyo usiharakishe kuandika. Sampuli na sanifu ziwe na joto moja pia, kwani mteremko hubadilika na joto. Maji ya chemchemi yenyewe yapunguze makali mara 100 kabla ya kuyapima.

Hatua ya 5: Jihadhari na ioni vuruga. Bromidi, iodidi na hasa sulfidi hushika utando huo huo. Kisima kinachonuka yai viza kina sulfidi: usichovye elektrodi humo kabla ya kuondoa sulfidi hiyo.

Kila baada ya saa mbili rudia sanifu moja. Ikiwa imehama zaidi ya milivolti 2, rudi hatua ya 3, na sampuli zote ulizopima tangu ukaguzi uliopita zipimwe tena.