Uke Ukichomoza Kabla ya Ng'ombe wa Nyama Kuzaa

Tatizo hili huonekana zaidi katika miezi miwili au mitatu ya mwisho ya mimba. Ng'ombe akilala, nyama nyekundu ya mviringo inachomoza nyuma. Akisimama inarudi yenyewe. Hizo ni kuta za uke. Mfuko wa uzazi ni jambo jingine: hutoka baada ya kuzaa, una vifundo vingi, huning'inia chini, na ni wa kumwita daktari mbio.

Usisubiri hata kama inarudi. Nyama iliyoko nje hukauka, huchafuka kwa kinyesi na kuvimba mpaka haiingii tena. Tena mara nyingi kibofu cha mkojo hukunjwa humo. Ng'ombe anashindwa kukojoa, anajikamua, na uke unazidi kutoka.

Mwingize kwenye kibano (kizimba chembamba cha kumzuia ng'ombe asisogee), sehemu ya nyuma ikiwa juu kuliko ya mbele. Daktari wa mifugo amchome ganzi kwenye shina la mkia: lignokeini ya asilimia 2, takriban mililita 5 kwa ng'ombe wa kilo 450. Bila ganzi atakusukuma kila unaposukuma. Osha kwa maji safi ya vuguvugu yenye povidoni ayodini (dawa ya kuua vijidudu) kidogo; sabuni ya unga inaunguza. Inua nyama hiyo juu ili mkojo utoke. Ikiwa imevimba sana, ipake sukari, subiri uvimbe upungue, kisha suuza. Paka kilainishi, halafu rudisha polepole kwa viganja au ngumi. Vidole hutoboa.

Kurudisha peke yake hakutoshi. Shinikizo lililoutoa bado lipo, na ndama anakua kila siku. Hapo ndipo mshono wa Bühner unapohitajika, yaani utepe unaopitishwa chini ya ngozi kuuzunguka mlango wa uke. Sindano yake ndefu huingia chini ya uke, hupita ndani kabisa upande mmoja, na kutokea kati ya uke na mkundu. Upande wa pili vivyo hivyo. Tumia utepe mpana, kwa sababu uzi mwembamba hukata nyama. Fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta, na nafasi ya vidole viwili hadi vitatu ibaki ili mkojo upite.

Sasa mlete karibu na nyumbani, umkague asubuhi, jioni na usiku. Kiwele kikijaa, nyama za pembeni mwa shina la mkia zikilegea, au akianza kuhangaika, fungua mshono. Akizaa ukiwa bado umefungwa, atachanika vibaya au ndama atafia ndani. Hasara hii huja kwa sababu aliyefunga mshono aliondoka na mchungaji hakuambiwa.

Unene kupita kiasi huchangia, kwani mafuta ya nyonga hubana nafasi. Vivyo hivyo kulala mteremkoni, kujaa majani makavu yasiyo na lishe, na mahindi yenye ukungu, ambayo yanaweza kuwa na sumu inayofanya kazi kama homoni ya jike. Urithi nao una nguvu, hasa kwa ng'ombe wa aina ya Hereford na Brahman.

Kwa hiyo andika namba ya hereni yake ya sikioni siku hiyohiyo. Mimba ijayo tatizo lina uwezekano mkubwa wa kurudi. Ndama akishaachishwa kunyonya, nenepesha mama umuuze kwa nyama, baada ya siku za kusubiri dawa itoke mwilini kwisha. Mtamba wake asibakizwe kuzalisha.