Tela la kulala na kupikia: namna ninavyoliunda hapa Mikindani

Anza na ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu, jiko baadaye. Mie naifunga nyuma kidogo ya katikati ya fremu, ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye ndoano ya gari. Nyuma ikizidi uzito, tela litayumba ukishuka mteremko wa Newala, na hapo usukani hausaidii. Tairi na matundu ya nati vilingane na vya gari, spea moja itumike kote.

Jiko likae nyuma, mlango ufunguke kwenda juu uwe kivuli cha mpishi. Droo ya sufuria, ubao wa kukatia samaki, basi. Gesi ndiyo nawasisitizia sana jamani: mtungi wa kilo 6 usimame wima, ufungwe mkanda, ndani ya kisanduku chake nje ya chumba cha kulala. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Toboeni matundu kwenye sakafu ya kisanduku.

Chumvi ya bahari yetu hula chuma. Piga rangi ya kuzuia kutu hadi kwenye pembe za ndani kabla ya kufunga plaiwudi, maana baadaye brashi haifiki.