Ukienda kumwona mgonjwa ambaye hatapona, fanya hivi

Kwanza simu weka sailensi kabisa, halafu vuta stuli ukae, usimsimamie kichwani kama daktari wa raundi. Muulize, "Mama, leo tuongee au tukae tu?" Akisema tukae basi kaeni, kimya nacho ni huduma, mi nilichelewa sana kulijua hilo, nilikuwa naingia na mahubiri ya nusu saa na masikini ya Mungu mwenyewe hana hata nguvu ya kugeuza shingo.

Usimuahidi kwamba kesho atainuka, wala usimwambie imani yake ndogo, huo ni ukatili jamani. Tumaini la Mkristo halijaishia kwenye kupona, msomee Yohana 14 pale kwenye makao mengi, au Zaburi 23, taratibu, mistari michache tu inatosha. Kama ni Mkatoliki mwiteni padri mapema kwa mpako wa wagonjwa, yaani kupakwa mafuta na kuombewa, na komunyo, msisubiri mpaka hajitambui.

Halafu sikiliza anachobeba moyoni, kuna mwenye ugomvi wa miaka na mdogo wake, kuna anayewaza ada ya mtoto, hapo usikimbilie sala, saidia kwanza apigiwe simu anayehusika. Na akilia maumivu usimwambie avumilie kama Ayubu, ita nesi, mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, ipo na kuinywa kwa maelekezo ya daktari si dhambi.

Ukiaga mwambie siku utakayorudi, na urudi kweli.