Kabla ya Kufunga Mnyororo: Namna ya Kuhakikisha Lori la Dizeli la Mashindano Litazimika

Gari la petroli ukilizima swichi, plagi zinakosa cheche na habari imeisha. Dizeli haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda, na itaendelea kuwaka maadamu inapata hewa na kitu cha kuunguza. Kitu hicho si lazima kitoke kwenye tangi. Sili ya turbo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, ikikatika, oili ya injini yenyewe inavutwa kwenye njia ya hewa na kugeuka kuwa mafuta. Hapo unaweza kuchomoa ufunguo ukautia mfukoni, injini ikazidi kupanda resi hadi ivunjike. Hata mvuke wa nje unatosha: tarehe 23 Machi 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta huko Texas City, Marekani, pikapu ya dizeli iliyokuwa ikiunguruma ilivuta mvuke uliovuja na injini yake ikaanza kupanda resi yenyewe. Wachunguzi waliona kwamba huenda pikapu hiyo ndiyo iliyowasha mlipuko ulioua watu 15.

Sasa fikiria injini ya aina hiyo iliyoongezwa nguvu mara kadhaa, imefungwa kwenye sledi, yaani chombo kizito cha kukokotwa. Katika mchezo wa kukokota, ambao Marekani una vyama vyake, NTPA (National Tractor Pullers Association) kikiwamo tangu 1969, lori huivuta sledi kwenye njia ya udongo yenye urefu wa takriban futi 300, yaani kama mita 91. Sledi ina sanduku la uzito linalosogea mbele kadiri lori linavyosonga, kwa hiyo mzigo unazidi kuwa mzito mpaka lori lishindwe au limalize njia. Kiungo cha kukokotea kikikatika katikati ya nguvu hiyo, lori linaruka mbele likiwa halina tena kinacholishika. Dereva ametikiswa, moshi umetanda, na kuna watu pembeni. Ndiyo maana kizimio cha dharura hakiachiwi mkono wa dereva peke yake.

Anza ukaguzi nyuma ya lori. Pale pana pete ya chuma iliyounganishwa na kebo inayokwenda mbele hadi kwenye valvu ya hewa, ambayo ikifungwa injini inakosa hewa. Mtu wa sledi ataunganisha waya wake kwenye pete hiyo, ili lori likiachana na sledi, pete ivutwe na injini ikatiwe pumzi. Pete ishikiliwe kwa vifungo vyembamba vya plastiki, vya kuizuia isirukeruke tu. Ukiifunga kwa waya wa chuma kwa sababu ndio uliokuwa karibu, umeifunga isifanye kazi.

Urefu wa waya wa sledi ndipo penye majaribu. Ukiwa mfupi mno, lori likichuchumaa nyuma au kiungo kikicheza, injini inazimika ukiwa kwenye mita ya 60 na mashindano yako yameishia hapo. Likimkuta hilo mara moja, msimu unaofuata mtu anauachia waya ulegee kupita kiasi. Simlaumu kwa uchungu wake, ila waya uliolegea sana unaweza kunasa kwenye kiungo au kukanyagwa na tairi, na hata usiponasa, lori linakuwa limekwenda mbali kabla haujakaza. Kazi ya kupima ulegevu huo ifanyike lori likiwa limefungwa kwenye sledi na mnyororo umekazwa. Kukadiria kwa macho ukiwa kwenye maegesho hakutoshi.

Fuata kebo kwa mkono, inchi kwa inchi. Isipite karibu na bomba la moshi, maana ganda lake la ndani ni la plastiki na likiyeyuka linaushika waya. Isipinde kwa kona kali. Angalia pia ganda la nje limebanwa imara kwenye ncha zote mbili. Lisipobanwa, ukivuta pete ganda zima linajikunja na valvu haijasogea hata kidogo. Kosa hili halionekani kwa kutazama.

Valvu yenyewe huwa ni bamba linaloshuka kama panga au kipepeo kinachogeuka. Iwekwe baada ya turbo na baada ya kipoza hewa, karibu kabisa na manifoldi ya kuingizia, ile inayogawa hewa kwenye silinda. Kila kiungo cha mpira kilichobaki kati ya valvu na injini ni mlango unaoweza kufunguka: mpira ukichomoka hapo, injini inavuta hewa ya uwanjani, na valvu yako imefunga njia isiyotumika. Ukiiweka kabla ya turbo, njia yote ya mipira inabaki nyuma yake, na mvuto wa injini iliyonyimwa hewa unaweza kunyonya oili kupitia sili za turbo. Safisha vumbi na masizi kwenye mfereji wa bamba. Usilipake grisi, kwa kuwa udongo wa uwanjani utaganda nayo.

Kwa pampu za kimakanika, kama zile za Cummins za silinda sita za miaka ya tisini, kukata betri pekee huenda kusizime injini, kwani pampu inazungushwa na injini. Hizo zinahitaji pia valvu ya njia tatu inayoelekeza mafuta mahali pengine kabla hayajaingia kwenye pampu. Injini za kisasa zenye nozeli za umeme zitaacha kupuliza mafuta umeme ukikatika, lakini oili haijui habari za umeme. Valvu ya hewa inabaki kuwa lazima.

Halafu jaribu. Injini ikiunguruma polepole, mtu mmoja avute pete kutoka nyuma, kwa mwelekeo ule ule sledi itakaovuta. Injini ife mara moja au ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kukohoa na kukataa kufa, kuna hewa inapenya, na lori lisiende uwanjani. Usijaribu kwenye resi kubwa. Utaumiza turbo bure.

Dereva naye ajaribu mpini wake wa kufungia valvu akiwa amefungwa mkanda, amevaa helmeti na glavu, macho yamefumbwa. Wasaidizi wajue kwamba ile desturi ya gereji ya kuziba mdomo wa hewa kwa tambara au gunia haifai hapa: turbo hula vidole pamoja na gunia. Mtungi wa kaboni dayoksaidi ukielekezwa kwenye mdomo wa hewa unasaidia, lakini asogee aliyefundishwa tu, na asisimame sambamba na gurudumu la turbo wala flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka nyuma ya injini.

Baada ya kila mvuto, hata kama hakuna kilichoharibika, bamba lifunguliwe upya, springi ikazwe, vifungo vya plastiki vilivyokatika vibadilishwe. Weka pakiti nzima ya vifungo hivyo kwenye kisanduku cha spana, maana saa tano za usiku uwanjani hakuna duka.